Ile Kozi Aliyopewa Shemeji wa Mkuu

Najua mngekuwa mbele yangu mngeniamkia, basi naitikia kabisa: marahaba, wanangu. Nawaandikia nyinyi mnaofanya kazi kwenye maktaba za vyuo vya afya na za hospitali, ambao hata ndugu zenu hawaelewi kutwa nzima mnafanya nini. Mimi naitwa Zuhura, mzaliwa wa Bagamoyo mjini. Ujana wangu wote umekwenda kwenye maktaba ya chuo kimoja cha uuguzi na ukunga huku huku pwani. Sasa nimestaafu, na watu wananiuliza kama nimepumzika. Sijapumzika. Nina hasira, na nimeona bora niiandike kuliko kuisema peke yangu huku napepeta mchele.

Hasira yenyewe ni kwamba nimefanya kazi miaka yote hiyo na watu waliodhani mkutubi ni mlinzi wa kabati. Akija daktari atapelekwa semina, akija mhasibu atapelekwa semina, hata dereva atapelekwa. Mkutubi ataambiwa: vitabu vyako si vipo?

Lakini nianze na kosa langu mwenyewe, msije mkadhani nalaumu wengine nikiwa msafi.

Kazi nilifundishwa na Mzee Rajabu, mtu wa Kaole, Mungu amrehemu. Alikuwa anajua kila kitabu kilipo bila kutazama rafu. Alinifundisha kuandika kadi kwa mkono usiotetemeka, kunusa kitabu nikajua kimeanza kuingia unyevu wa bahari, na kuvianika vitabu kivulini kabla ya masika. Na alinipa neno moja ambalo nawapa na nyinyi: "Msomaji akikuuliza kitu, usikimbilie kumpa kitabu. Muulize kwanza anataka kukifanyia nini." Nimekula mshahara kwa neno hilo.

Kitu kimoja tu hakunifundisha, nacho ni kuondoa. Kwa Mzee Rajabu, kutoa kitabu rafuni kilikuwa kitendo kama cha kutupa mkate. Nikarithi tabia hiyo. Tulikuwa na kitabu cha ukunga, kinene, jalada la kijani, tulichopewa msaada nakala kumi. Nilikipenda kwa kuwa kilikuwa na michoro mizuri. Nikakibandika karatasi nyekundu, nikaandika kwa mkono wangu "Lazima kisomwe", nikakiweka nyuma ya meza yangu, kiazimwe saa mbili tu kirudi. Jalada lilipochakaa nililishona. Miaka ikapita, wanafunzi wakaja na kuondoka, na mimi sikuwahi hata siku moja kujiuliza kitabu kile kina umri gani.

Basi siku moja ikaja barua pepe chuoni. Ilikuwa ya kozi ya bure kwa wakutubi wa afya, ya mtandaoni, wiki nane, walimu kutoka nchi mbalimbali. Walikuwa wanafundisha namna ya kutafuta utafiti wa tiba, kuupima kama unaaminika, na kumsaidia mganga apate jibu kabla mgonjwa hajadhurika. Kila chuo nafasi moja. Barua iliandikwa "Kwa Mkutubi". Lakini anwani ya chuo ilifunguliwa ofisini kwa mkuu, si kwangu, na mimi sikuambiwa kitu.

Nilijua siku simu ya maktaba ilipolia. Mama mmoja, sauti ya upole, akaniambia anaratibu kozi na anamtafuta mkutubi wa chuo chetu, kwa sababu wiki ya pili inaisha na hajaingia darasani.

"Mkutubi ni mimi," nikamwambia.

Akanisomea jina aliloletewa. Lilikuwa jina la shemeji wa mkuu, kijana wa ofisi ya usafiri. Kazi yake ilikuwa kutunza funguo za magari, na sina ubishi, alizitunza vizuri sana.

Nikaenda kwa mkuu. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, kwa hiyo aliniamkia kwa adabu zote, nikaitikia, nikakaa. Nikamuuliza habari ya kozi.

"Mama, ile ni mambo ya kompyuta," akasema. "Tumeona tumpe kijana."

"Kijana hajawahi kuingia maktaba. Hata kuazima kitabu hajawahi."

"Atajifunza huko huko. Na wewe mama, kwani umebakiza miaka mingapi?"

Nilikuwa nimebakiza kumi na miwili. Mtoto anazaliwa, anaanza shule, anafika darasa la tano, ndani ya miaka hiyo. Lakini nilijua nikifungua mdomo nitasema maneno ambayo yangenifuata. Nilirudi maktaba, nikachukua simu yangu, nikamwandikia yule mama mratibu. Nikaeleza mimi ni nani, nafanya kazi gani tangu lini, na yule aliyeandikishwa anafanya kazi gani. Sikumtukana mtu. Jibu lilikuja siku ile ile: nitapokelewa kwa jina langu, kwa barua pepe yangu mwenyewe, nianzie wiki ya tatu na kuzifidia mbili za nyuma.

Shikeni hilo, wanangu. Anwani ya barua pepe iwe yenu, si ya ofisi. Ya ofisi anaifungua mwingine.

Kujiunga kulikuwa rahisi kuliko kusoma kwenyewe. Intaneti ya chuo ilikuwepo, ila nenosiri lilikuwa siri ya ofisi ya mkuu na ya wahasibu, na kompyuta ya maktaba ilikuwa kama pambo. Nikasoma kwa simu, kwa bando langu. Nikiswali alfajiri napanda ngazi ya darini, pale kwenye dirisha dogo, mtandao ukiwa haujaelemewa, napakua masomo yote ya siku. Mchana napata nafasi ya kusoma bila kutegemea mtandao. Mambo ya muhimu nilikuwa nanakili kwenye daftari kwa kalamu. Kichwa cha mtu wa umri wangu wakati ule kilikuwa kinashika kilichoandikwa na mkono.

Darasa la kwanza la ana kwa ana mtandaoni lilikuwa Jumamosi mchana. Nimevaa vizuri, nimeketi, naona sura za watu wa nchi ambazo nilizijua kwenye ramani tu. Muuza samaki akabisha hodi. Nikainuka kidogo, nikamwambia vibua vyake ni vya jana, asinitazame usoni, atazame macho ya samaki yalivyozama, na asinidanganye mimi mjukuu wa wavuvi. Niliporudi kwenye kiti mwalimu akasema kwa heshima kubwa, "Mshiriki wetu wa Tanzania, tumekusikia, tafadhali endelea na hoja yako." Sikuwa nimefunga maiki. Walicheka hadi mwalimu mwenyewe akajifuta machozi. Tangu siku hiyo nikiingia darasani, kabla ya bismillahi nakagua maiki.

Nilichojifunza pale nitawaambia kwa ufupi. Swali la mganga unalivunja: mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, tunalinganisha na nini, tunatarajia nini kitokee. Kila kipande unakitafutia majina yake yote, maana watafiti hawakubaliani hata jinsi ya kuita kitu kimoja. Usirudi na karatasi ya kwanza uliyoiona. Unatazama mwaka, unatazama aliyelipia utafiti, na unaandika ulitafuta wapi na kwa maneno gani, ili mwingine akifuata njia yako afike ulipofika. Na mkiona kozi inayowapa cheti kabla hamjakosea hata swali moja, ikimbieni. Zipo nyingi, na zinatuharibia jina.

Sasa niwaeleze habari ya Tatu, maana ndiyo iliyonifanya nijue hasira yangu haikuwa ya bure.

Tatu alikuwa mwanafunzi wa ukunga, binti wa wakulima wa Ubena, mpole, mwandishi mzuri wa noti. Ulikuwa mtihani wa vitendo, wa kuzalisha kwa mwanasesere, mbele ya mtahini kutoka nje ya chuo. Hatua ile ukifeli umefeli mtihani wote, na Tatu alikuwa anaurudia, hivyo kufeli tena kulikuwa kufukuzwa. Akamtoa mtoto, akamlaza juu ya tumbo la mama, akamkausha, akamfunika. Halafu akangoja.

"Unangoja nini?" mtahini akamuuliza.

"Nangoja kidogo kabla ya kubana kitovu, ili damu ya kondo imfikie mtoto."

Mtahini akamwandikia sifuri. Kwa mujibu wa kitabu, kitovu kinabanwa na kukatwa mara mtoto anapotoka.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili na nusu, Sista Paulina aliingia maktaba karibu anakimbia. Huyu alikuwa mkufunzi wa ukunga, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyemfundisha Tatu kungoja, kama walivyokuwa wanafanya wodini.

"Bi Zuhura, kikao cha mitihani kinakaa saa nne," akasema. "Wanamtoa Tatu. Mimi najua ninachosema, lakini mtahini ana kitabu na ukurasa, mimi nina maneno tu."

"Kitabu gani?"

Akanionyesha nakala aliyokuja nayo, ndugu ya ile iliyokuwa kwa mtahini. Jalada la kijani, muhuri wetu, karatasi nyekundu, mwandiko wangu.

Wanangu, nilikitambua kabla sijakishika. Yule mtoto alikuwa anafukuzwa na mimi. Nikafungua kitabu kwa mara ya kwanza kutazama kitu ambacho nilipaswa kukitazama miaka yote ile, nikaona mwaka wa kuchapwa, nikakifunga. Nilikuwa sijaolewa bado kitabu kile kilipochapwa.

Nikarusha intaneti kutoka kwenye simu yangu hadi kwenye kompyuta ya maktaba. Nikageuza kadi ya zamani, nikaandika vipande vinne vya swali nyuma yake, nikaanza. Haikuchukua saa nzima. Nilipata mwongozo wa kimataifa, nikapata uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi pamoja, nikapata na mwongozo wa nchi yetu wenyewe, ambao ulikuwa umetoka siku nyingi na hakuna aliyetuletea maktaba hata nakala moja. Vyote vilisema mtoto aliye salama angojewe, dakika moja au zaidi, ndipo kitovu kibanwe.

Katika ule uchambuzi palikuwa na sehemu iliyosema kungoja kunaweza kuongeza kidogo umanjano, yaani ngozi na macho kuwa ya njano, kwa watoto wengine. Sista Paulina akaweka kidole pale. "Hii tuiache," akasema. "Itatuharibia."

"Hatuiachi. Akiikuta mwenyewe, hataamini na yale mengine."

Mama wa masjala alituchapia kurasa zile nyuma ya fomu za likizo zilizokwisha muda, kwa sababu karatasi safi zilikuwa zinatolewa kwa idhini. Saa nne na dakika chache nikabisha mlango wa kikao, nikaingia kabla sijaambiwa karibu.

"Mama maktaba," mkuu akasema, "hiki ni kikao cha mitihani."

"Najua. Lakini kitabu mnachomfukuzia huyu mtoto ni cha kwangu, kinaazimwa saa mbili tu, na muda wake umekwisha. Nimekuja kukichukua."

Nikaweka karatasi mbele ya mtahini. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mkali, lakini si mtu mbaya, hilo niliseme kwa haki. Alisoma polepole. Akauliza nilitafuta wapi, nikampa ile kadi. Alipofika kwenye ile sehemu ya umanjano akainua macho.

"Hii inakupinga. Mbona umeniletea?"

"Kwa sababu ipo."

Akavua miwani, akaiweka juu ya meza. "Nimekata vitovu kwa haraka maisha yangu yote ya kazi kwa sababu ya kitabu hiki," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akaomba ile karatasi ya alama za Tatu irudishwe mikononi mwake, akafuta sifuri yake, akaweka sahihi pembeni.

Mkuu akawa anatabasamu sasa, kwa kuwa mgeni ameridhika. "Mama, haya mambo ulijifunzia wapi?"

"Kwenye ile kozi uliyompa shemeji yako."

Sista Paulina aliinamisha kichwa akawa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Tatu alifaulu. Mpaka leo yuko kwenye zahanati moja upande wa kwao, na akikwama na jambo huniandikia meseji, nami namtafutia. Mimi nilipata barua ya kujieleza kwa nini niliingia kikaoni bila kualikwa. Nilijieleza kwa ukurasa mmoja, nikaambatanisha na zile karatasi nilizozipeleka. Haikujibiwa. Wiki hiyo hiyo niliviondoa vile vitabu vya kijani vyote kumi, nikavigongea muhuri wa "Kimeondolewa" kimoja kimoja, na nilifanya hivyo peke yangu kwa kuwa mimi ndiye niliyevibandika karatasi nyekundu.

Sikuacha kusoma tena. Kila mwaka kozi moja, mara nyingine mbili. Hakuna hata moja niliyoruhusiwa saa za kazi. Halafu likaja gonjwa la korona, ghafla watu wote wakataka kufundisha na kukutana kwa mtandao, na wale wale walioniambia mtandao si wangu wakawa wanapanga foleni mezani kwangu. Bi Zuhura, nenosiri linawekwa wapi. Bi Zuhura, mbona nawaona hawanioni. Niliwaonyesha wote. Mkuu nilimwonyesha namna ya kufunga maiki. Sikusikia hata mmoja akisema tulikukosea.

Siku ya kustaafu nikaitwa kwa afisa utumishi kuhakiki faili. Kijana mstaarabu, akanisomea taarifa zangu kwa sauti. Jina, sawa. Kuzaliwa, sawa. Kuajiriwa, sawa. Kisha akasoma: "Mafunzo kazini, hakuna."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia mle ndani kuna vyeti kumi na vinne, nilivipeleka masjala mwenyewe na kusainiwa.

"Vipo mama, nimeviona. Ila mafunzo ya mtandaoni yanahesabika yakiwa na barua ya ruhusa ya mwajiri. Yako hayana."

Nilimweleza kwamba ruhusa niliomba kila mara na kila mara nilikataliwa. Akasema anaelewa, lakini fomu ndivyo ilivyo. Yaani mtu anakunyima ruhusa, unasoma kwa nguvu zako, unaokoa mwanafunzi wake, unamfundisha hata yeye, halafu karatasi yake ya kukunyima ndiyo inayotumika kusema hukusoma. Nilisaini sehemu nyingine zote. Pale kwenye "hakuna" nilikataa kusaini, na mpaka leo sijasaini.

Nikaondoka, na chuo hakikuajiri mkutubi. Funguo za maktaba alipewa mtunza stoo, Bwana Salumu, ambaye alikuwa amezoea kugawa magodoro na dawa za kufanyia usafi. Nilipopata habari nilimchukia Salumu bila hata kumwona. Haikupita mwezi akaja kwangu, amevua viatu mlangoni, akaniamkia, akakaa kwenye mkeka ingawa nilimwonyesha kiti.

"Bi Zuhura, mimi nimepewa funguo, sikupewa kazi," akasema. "Wanafunzi wananiuliza vitu sivijui, naona aibu. Nianzie wapi?"

Basi ile chuki ikaniishia palepale, ikarudi kwa mwenyewe anayestahili. Nikamtafutia kozi ya wanaoanza, nzuri, yenye mwalimu anayesahihisha kazi. Akaandika barua ya ruhusa. Akajibiwa kwamba mtunza stoo hahitaji mafunzo ya maktaba.

Nilikwenda chuoni asubuhi yake. Mkuu sasa ni mwingine, mwanamke, sikuwahi kufanya naye kazi. Akanipokea vizuri, akaagiza chai, akaniuliza shida yangu.

"Nataka barua ya ruhusa ya Salumu."

"Jamani mama, si asome tu nyumbani kwake jioni? Nani atamkataza?"

"Nyumbani nimesoma mimi mpaka nimestaafu. Nenda masjala ukavute faili langu uone limeandikwa nini."

Akaliagiza. Akalisoma mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, chai ikapoa. Alipofika kwenye vyeti alivihesabu kwa kidole, kisha akarudi kwenye lile neno "hakuna". Hakuniomba radhi, na sikuitegemea, hakuwa yeye. Alimwita katibu wake, akaanza kumtamkia barua ya kuandika. Salumu asome Jumanne na Alhamisi asubuhi, saa za kazi, kwenye kompyuta ya maktaba, na nenosiri la intaneti apewe leo. Nikamwomba aongeze sentensi moja, kwamba cheti atakachopata kitaingizwa kwenye kumbukumbu zake kama mafunzo kazini. Akanitazama, akamwambia katibu aandike.

Sikuinuka mpaka ilipogongwa muhuri. Nakala moja wakaniwekea kwenye bahasha, ninayo hapa nyumbani. Mkiambiwa na wakubwa zenu kwamba barua ya namna hiyo haijawahi kuandikwa, nitafuteni Bagamoyo, ulizeni kwa Bi Zuhura wa maktaba, niwatolee nakala kivuli mkawaonyeshe.